Geita hadi Ukerewe, kayaki juu ya kabini

Jumatatu, Geita

Mpwa wangu amenunua vitu vyote kwa mkupuo mmoja: pikapu ya Land Cruiser ya kabini moja, karavani (nyumba ya kukokotwa na gari), na kayaki tatu, mitumbwi midogo ya plastiki ya kupiga kasia. Aliyemuuzia ni Mwaustralia aliyekuwa mgodini hapa Geita, mkataba wake umeisha na amerudi kwao. Kayaki mbili za mtu mmoja mmoja ziko hapa. Ya tatu, ya watu wawili, iko kwa rafiki yake Luchelele, Mwanza. Vyote vinatakiwa kufika Ukerewe, kwenye kiwanja cha mpwa karibu na Nansio, ambako karavani itakuwa chumba cha kwanza cha wageni.

Mimi nimeitwa kwa sababu ya karavani. Haifungwi nyuma ya bampa kama tela nyingi ndogo. Pua yake inapanda juu ya bodi ya pikapu na kingpini, ile pini nene iliyo chini ya pua, inaingia kwenye sahani ya chuma iitwayo gurudumu la tano, iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma, vilevile kama semi na kichwa chake. Nimeendesha semi za Dar hadi Kigali miaka mingi, kwa hiyo kuunga tela ya namna hii si kazi ngeni kwangu. Uzuri wake unaujua ukishakuwa barabarani: uzito unakaa juu ya ekseli badala ya kuning'inia nyuma yake, na tela haichezeshi mkia wa gari. Lakini uzito wenyewe ni mkubwa. Tela za kawaida huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. Hizi za gurudumu la tano huegemeza 15 hadi 25. Karavani hii ina kama kilo 1,800. Weka asilimia 20 tu, tayari kilo 360 ziko kwenye bodi kabla hujapakia hata ndoo.

Na bodi yenyewe ndiyo basi tena, imeliwa na sahani. Mpwa alishapanda juu ya kabini na kamba mkononi.

"Anko, si tunazilaza tu hapa kwenye keria?"

"Shuka kwanza. Tuunge tela, tukate kona, halafu uniambie."

Tukaunga. Nikakata kona polepole uwanjani hadi karavani ikakaa karibu pembe mraba na gari, yeye akapima kwa futi kamba. Kutoka kwenye pini hadi mgongo wa kabini: sentimita 130. Kutoka kwenye pini hadi kona ya pua ya karavani: 118. Zinabaki sentimita 12, na hizo 12 ndizo zinazoamua kila kitu katika safari hii. Kayaki ina urefu wa mita 3. Ukiilaza katikati ya keria, mkia unatokeza nyuma ya kabini zaidi ya nusu mita, kwenye kimo kilekile cha pua ya karavani. Barabarani, gari likiwa limenyooka, hutaona tatizo lolote. Mzunguko wa kwanza wa barabara tu, kona ya karavani inaifagia kayaki, keria na pengine kioo cha nyuma.

Akapendekeza juu ya karavani. Nikakataa, na sababu ninazo. Paa liko zaidi ya mita 3 kutoka ardhini, kila kupakia ni ngazi na watu wanne. Nyaya za umeme zinazovuka barabara kuingia kwenye nyumba za vijijini hazina kimo kimoja. Na zaidi ya yote, ukiwa kwenye usukani huioni. Mkanda ukilegea utaambiwa na watu wa bodaboda, kama watakuwahi. Nyuma ya karavani je? Ikilala inatokeza pande zote mbili, maana karavani ina upana wa mita 2.2. Ikisimama inalipita paa, na bampa ya karavani haikutengenezwa kubeba kitu. Tena uzito ukiwekwa nyuma kabisa ya tela unaipunguzia pini mzigo wake, na tela huanza kukosa adabu.

Kwa hiyo ni mbele. Jioni tukampata fundi wa kuchomelea, akatutengenezea fremu ya mabomba ya mraba, imesimama kama goli la mpira juu ya ngao (chuma cha kukinga mbele ya gari), kimo sawa na keria. Nilimsimamia kwenye jambo moja: miguu ya fremu ifungwe kwa bolti hadi kwenye chesisi, isiishie kwenye bati la bampa. Kutoka ngao hadi mgongo wa kabini ni pungufu kidogo ya mita 3. Kayaki zikilala hapo, mkia unaishia sawasawa na kabini na pua inatokeza mbele kiasi cha shibiri moja. Nikakata kona tena, kushoto, kulia. Hakuna kilichogusana.

Jumanne, Geita – Sengerema – Mwanza

Tumefunga saa kumi na moja alfajiri. Kayaki zimelala kifudifudi, matumbo juu, na chini yake vipande vya tyubu ya lori. Mpwa alikuja na mikanda ya racheti na akaanza kuikaza kwa nguvu zake zote za ujana. Nikamzuia. Plastiki ya kayaki ni polithini. Asubuhi ni ngumu, saa saba mchana juani inalainika, na pale ulipobana kwa racheti panabonyea na kubaki hivyo. Mkanda unakazwa mpaka kayaki itikisike pamoja na gari, basi. Kila mkanda umesokotwa mara moja katikati: mkanda ulionyooka ukipigwa na upepo unapiga kelele njia nzima, na kelele hizo ukizisikia kwa saa tatu unaweza kugombana na mtu asiye na kosa. Halafu kamba ya pua, kutoka kwenye ncha ya kila kayaki hadi kwenye ngao. Hiyo watu huiona ya mapambo. Upepo unapoingia chini ya pua, mikanda miwili ya katikati peke yake haitoshi kuituliza.

Baada ya kama kilomita 20 tukasimama kukagua. Mkanda mmoja ulikuwa umelegea, kama nilivyotarajia. Tyubu mpya hukaa sawa kwanza ndipo mkanda ukakaa sawa. Tukakaza, na haukulegea tena siku nzima.

Kuona mbele si tatizo, lakini kuona juu ni tatizo. Barabara unaiona yote, watu na mbuzi unawaona. Kilichofichwa ni kipande cha anga juu ya kofia ya injini, yaani mahali zilipo taa za barabarani mjini. Nikamwambia mpwa kwamba Mwanza yeye ndiye atakuwa macho yangu ya taa.

Kabla ya Sengerema trafiki akatupungia mkono.

"Hivi ni nini?"

"Mitumbwi, afande. Ya kasia."

"Na hiyo nyuma?"

"Nyumba."

Akazunguka gari lote bila kusema kitu. Akataka kuona bima ya tela na namba yake, maana tela ina usajili wake mbali na gari, kisha taa za breki, indiketa, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto. Vyote vilikuwepo. Akarudi kwenye dirisha langu. "Mzee, mnahamia ziwani?" Mpwa akacheka kuliko ilivyohitajika.

Busisi tulifika upepo ukiwa bado haujaamka, na hilo nililipanga. Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa takriban kilomita 3 na linakata Ghuba ya Mwanza pale ambapo zamani tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko, wakati mwingine hadi jua linazama. Nililolihofia ni upepo wa ubavu. Karavani ni ukuta wa bati, na kayaki mbili zilizolala kifudifudi zinashika upepo kwa chini. Ziwani, mchana nchi kavu inapopata joto upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu, na alasiri unakuwa na nguvu. Usiku na alfajiri hugeuka, unatoka nchi kavu, tena mwepesi. Ukiwa na mzigo mrefu, vuka asubuhi. Tulipita kwa mwendo wa 50, kamba za pua zimetulia, chini yetu mabaka ya magugu maji yamejikusanya upande mmoja.

Magugu hayo yalinikumbusha kitu kingine. Tulipofika Nyegezi tuliosha kayaki zote ndani na nje na kuziacha zikauke juani. Zilikuwa na mizizi mikavu kwenye matundu ya kutolea maji. Kipande kidogo cha gugu kikiwa kibichi kinatosha kuhamia kwenye ghuba nyingine, na wavuvi wa Ukerewe hawahitaji zawadi hiyo kutoka kwetu.

Jumatano, Mwanza

Leo ni siku ya kayaki kubwa, na hapa ndipo nilipomshinda mpwa kwa hoja. Ina urefu wa mita 4 na kitu. Kwenye fremu yetu ingetokeza zaidi ya mita nzima mbele ya ngao, au nyuma ingeingia kwenye zile sentimita 12 za karavani. Yeye alikuwa tayari kumwita fundi mwingine arefushe fremu.

"Dogo," nikamwambia, "hiki ni chombo cha majini. Ukerewe ni kisiwa. Meli ipo."

Tukaiacha karavani imesimama kwa miguu yake Nyegezi, tukakodi Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Nani hajaona Kirikuu imebeba mzigo mrefu kuliko yenyewe? Kayaki ikapita juu ya kabini, kitambaa chekundu mkiani, dereva kijana wa Mkolani anapiga honi kila mtu amtazame. Kwenye Bandari ya Mwanza Kaskazini wapagazi waliigonga kwa ngumi kusikiliza inasemaje, wakabishana kama ni tenki la maji lililokatwa. Ikapimwa, ikalipiwa kama mzigo wa kawaida wa Nansio, ikabandikwa jina la mpokeaji. Gharama yake haikufika hata nusu ya bei aliyotaka yule fundi wa pili.

Mchana tulikula sato wa kukaanga na ugali, jiwe la Bismarck likiwa mbele yetu. Siku iliyobaki nimelala.

Alhamisi, Mwanza – Magu – Lamadi

Sikutaka kulipitisha tela hili katikati ya jiji. Kona za mjini nazijua, na bajaji za pale huingia kwenye nafasi yoyote iliyo kubwa kuliko bajaji. Tela la gurudumu la tano linakata kona kwa ndani kuliko linalofungwa kwenye bampa. Magurudumu yake hayafuati njia ya gari, yanafupisha. Lazima uende mbele sana ndipo ukate, na hiyo nafasi unayoiacha ubavuni mtu wa bodaboda anaiona kama mwaliko. Tukarudi Usagara, tukachukua baipasi hadi Kisesa. Ni mbali kidogo, lakini kona zake zinahesabika.

"Mwangaluka!" mzee mmoja akatusalimia Kisesa tulipokuwa tunakagua mikanda. Akauliza mitumbwi hii inabeba wavu wa macho mangapi. Mpwa akamwambia haibebi wavu, ni ya kutembea tu. Mzee akaitikia kwa heshima, kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa za msiba.

Matuta ya Magu ndiyo yaliyonifanya nipunguze mwendo kuliko kitu kingine. Pikapu ikishapanda tuta, pua ya karavani inainamia kabini; ikishuka, inarudi nyuma. Nafasi inapumua. Mpwa alikaa amegeuka kwenye kioo cha nyuma akiniripotia nafasi kila tuta. Ukipanda tuta kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa huna la kuogopa.

Lamadi tumelala kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, ndani ya karavani yetu wenyewe, kwa ruhusa na malipo ya maji. Nyuma yetu ni Ghuba ya Speke, mbele ni barabara na lango la Ndabaka la Serengeti haliko mbali. Usiku ziwa lilikuwa na taa za wavuvi wa dagaa mstari mzima. Mwezi haukuwepo, na dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza.

Ijumaa, Lamadi – Bunda – Kisorya – Rugezi

Mizani ya Rubana. Gari lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 linatakiwa kupima, na sisi pamoja na tela tumeshapita hapo. Mpwa alitaka tupite bila kugeuka, "sisi si lori." Nikaingia. Kwanza ni sheria. Pili, mizani inakupa bure kitu ambacho nyumbani huwezi kukijua: kila ekseli inabeba nini. Ya nyuma ya pikapu ilisoma kilo 2,080, chini ya kiwango chake lakini si kwa raha ninayoitaka. Tenki la maji la karavani liko mbele, karibu na pini, na mpwa alilijaza Lamadi. Lita 80 ni kilo 80. Tulivyotoka tu tukalimwaga kwenye mtaro, naye akiyatazama maji yake yanavyokwenda.

Bunda tukakata kushoto, Bulamba, Kibara, Kisorya. Kuanzia Bulamba barabara ni ya lami, upepo unaanza kuamka, kayaki zimetulia.

Kivuko ndicho nilichokuwa nakifikiria tangu Geita. Kona ya ubavu tulishaipima. Kona ya wima je? Gari linashuka mteremko wa gati, halafu linapanda mlango wa kivuko huku tela bado lipo kwenye mteremko. Kwa muda huo gari na tela vinakunjana katikati, pua ya karavani inakijia kabini kutoka juu. Kwenye semi huwa kuna nafasi kubwa. Hapa sivyo.

Vijana wa kivuko wana haraka yao. "Njoo! Njoo! Usisimame, mzee, njoo!" Nikazima injini. Nikamwambia mpwa asimame ubavuni, asimsikilize mtu yeyote, atazame nafasi tu, na ikifika vidole vinne apige bati. Tulishatoa mlango wa nyuma wa bodi mapema. Huo huwa wa kwanza kupondwa. Nikaweka gia nzito, nikaenda kwa hatua. Kumi. Saba. Akaweka mkono wake kati ya kabini na karavani kupima kwa kiganja, nikamfokea autoe. Sita. Hapo magurudumu ya nyuma ya pikapu yakapanda kwenye sitaha, nafasi ikafunguka.

Mama mmoja mwenye tenga la nyanya, ambaye gari letu lilikuwa limemzibia njia, akalitazama kwa muda. "Baba, hiyo nyumba mnapangisha?"

"Mwenye nyumba huyo hapo," nikamwonyesha mpwa.

"Umeme upo?"

"Upo, mama. Wa jua."

"Basi mimi nataka." Akaketi kwenye ngazi ya karavani hadi Rugezi, na hatukumtoza kodi.

Jumamosi, Nansio

Kayaki kubwa ilitutangulia, ikatusubiri bandarini. Vijana wawili wa mtaa wanaojua kasia walivaa jaketi za kuokolea, wakaileta kwa maji alfajiri, wamefuata ufukwe hadi kiwanjani. Hakuna fremu, hakuna mkanda.

Mpwa alikuwa ameshachora mahali pa karavani: mbele kabisa, mlango ukifunguka miguu iko mchangani. Hapo tukabishana kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kusema "ina magurudumu, inaweza kuondoka" si jibu la kumpa afisa. Nikamwonyesha na mti mkavu uliosimama majini. Ziwa lilipanda sana 2020, likapanda tena 2024. Mti ule ulikuwa nchi kavu. Tukapima kwa kamba mita 60, tukaongeza nyingine kwa usalama, karavani ikasimama kwenye kivuli cha miembe. Kayaki moja ina kilo 22, watu wawili wanaibeba bila kulalamika. Ile kubwa mpwa ataitafutia kigari cha magurudumu mawili.

Jumapili, ziwani

Saa moja asubuhi, ziwa limelala. Nimemwelekeza mpwa yale ninayoyajua, na mvuvi wa jirani akamwelekeza mengine muhimu zaidi. Upepo wa alfajiri unatoka nchi kavu, hivyo mgeni asiyejua kasia anasukumwa taratibu kwenda nje huku akidhani amekuwa hodari. Mtu aende akiufuata ufukwe, asielekee katikati. Saa tano vyombo vyote viwe nchi kavu. Pale penye matete usipite, ni pa viboko. Na wageni waingilie kwenye mchanga wazi wenye mawimbi, si kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa sababu konokono wa kichocho wanapenda huko. Mvuvi alitaja na dawa ya kliniki ya kichocho kabla sijaitaja mimi.

Mpwa alipinduka mara ya kwanza kabla hajapiga kasia la tatu. Watoto walioko ufukweni walifurahi sana. Kayaki hizi za kukalia juu hazijai maji, unaigeuza na kupanda tena, na kufikia saa tatu alikuwa anakwenda mbele bila kuzunguka.

Mchana akapita mwalimu wa shule ya jirani, amevaa suti ya kanisani. Akazunguka karavani, akachungulia ndani, akakanyaga fremu ya mbele ya pikapu kujaribu uimara wake, kisha akauliza bei ya kayaki.

"Elfu kumi kwa saa, mwalimu."

"Na ya watu wawili?"

"Elfu kumi na tano."

Mwalimu akafikiri. "Nitakuja na mama watoto mshahara ukitoka," akasema, na akamwomba mpwa amwandikie namba ya simu.